Mlinzi wa Nyamizi

Mwalimu Verediana aliiona alama ya pasi ya mkaa kwenye mkono wa Nyamizi, mtoto wa wafugaji wa Rujewa, akapandwa na hasira. Asubuhi hiyohiyo, kwenye baridi kali ya Juni, alimsimamisha mstarini mbele ya wasichana wote wa bweni.

“Nani kakufanyia unyama huu? Mnyooshee kidole, mwanangu, usiogope.”

Rozalia, kiranja mkuu, ambaye ndiye aliyeibandika ile pasi, alikuwa akimtazama Nyamizi kwa upole kabisa, kama dada.

“Nilijiunguza mwenyewe, Mwalimu.”

Mwalimu huyo hakuwa na roho mbaya, na hapo ndipo penye balaa. Alitikisa kichwa kwa huruma.

“Najua unaogopa. Basi nitakupa mlinzi. Kuanzia leo utalala kitanda cha jirani na kiranja mkuu.”

Rozalia alijitokeza, akamshika Nyamizi mkono, palepale penye kidonda.

“Nitamtunza kama mdogo wangu, Mwalimu.”

“Mpigieni makofi,” akasema Mwalimu.

Na wasichana wote, waliojua kila kitu, wakapiga.