Tangazo la Mpanga Herufi

Mpanga herufi wa gazeti alirudi kutoka vitani asubuhi ya siku ya kazi, akiwa na tundu la risasi kifuani. Alivaa aproni yake na kuuliza ukurasa wa kwanza umefikia wapi. Wenzake walimpisha penye mwanga, maana tangu aondoke kazi ilikuwa imelala.

Mama yake alifika kabla ya chai ya saa nne. Habari za msiba alishazipata kwa askari waliokuwa na mwanawe, akapeleka tangazo la kifo gazetini, na mkaguzi wa habari wa serikali akalikata kwa wino mwekundu. Vitani hafi mtu, ndivyo ilivyoamriwa. Na kifo kisichotangazwa hakipewi kibali cha kaburi, kwa hiyo kijana, hoi kwa uchovu, hakuwa na pa kwenda ila kazini.

"Nataka nimzike mwanangu," mama alimwambia mkaguzi. "Sitaki kingine."

Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu zake, anayekata habari za watu huku akiomba radhi. Alimpa kiti, akasema hata yeye roho inamuuma, kisha akamwelekeza mahakamani.

Mhariri wa gazeti alimsindikiza mama. Jaji alieleza historia yote ya uhuru wa kusema, tangu enzi za wafalme waliokata watu ndimi mpaka kwenye katiba, kwa sauti nzuri hata mama akaanza kupata matumaini. Mwishowe akasema uhuru huo upo na hauguswi, ila wakati wa vita unapumzishwa. Tena, pasipo tangazo hakuna marehemu, na pasipo marehemu hakuna kesi. Mama alilia pale pale kizimbani, na karani akamletea maji.

Mpanga herufi alilipanga tangazo lake upya kwa mkono wake mwenyewe. Mkaguzi alilikata, akamsifu kwa kazi safi. Gazeti likatoka na mraba mweupe, na wasomaji wakautumia kuandikia mahitaji ya sokoni.

Jioni, kijana akiwa ametoka kazini, askari wawili walibisha hodi nyumbani kwa mama. Walieleza kwa upole kwamba kijana ameonekana kazini akiwa hai, basi ni mtoro, na kesho arudi kikosini.

Mama alichukua sindano na uzi, akamkalisha mwanawe karibu na taa, akaanza kuziba tundu la shati.

"Na hilo la kifuani, mama?" aliuliza askari mmoja.

"Hilo naliacha, mwanangu. Wakimpiga tena, risasi ipite hapo hapo."