Joka Lililobaki Mdomo Wazi

Mvua ilikuwa imenyesha tangu mwanzo wa wiki, na chumba cha mbele cha mama dobi kilijaa nguo za watu zilizokataa kukauka. Mashati yalining'inia kwenye kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, suruali zilitandazwa migongoni mwa viti, na soksi za karani wa posta zilikuwa zimepangwa juu ya birika la chai ili zipate joto kidogo. Mama alisimama mezani akipiga pasi kola ya shati ambalo bado lilikuwa bichi. Chini ya meza, juu ya furushi la mashuka, binti yake alikuwa amejikunja na kitabu.

Mteja alichungulia mlangoni, akauliza kama binti anaweza kumtolea furushi lake.

"Mwache," mama akasema. "Anasoma."

Ilikuwa kweli tupu. Ila ubaya wa neno hilo ni kwamba halisemi mtu anasoma nini. Mama akilisikia aliona mtihani, cheti, na ofisi yenye feni. Binti akilitamka alimaanisha macho na ukurasa, basi. Wote wawili waliishi kwa amani ndani ya neno moja kwa miezi mingi, na sahani ambazo binti alisamehewa kuziosha zingetosha kulisha kikosi cha askari. Wateja walimbandika jina la Msomi, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Alichokuwa akisoma ni hadithi ndefu ya juzuu nne iitwayo *Lango la Shaba*. Mjomba wake, muuza vitabu vikuukuu, alimpa juzuu ya kwanza bure kwa sababu panya walikuwa wametafuna jalada. Ya pili aliipata kwa kubembeleza, na ya tatu kwa kumfulia mjomba mashati. Humo binti wa mhunzi anavuka nchi zenye mbwa wa mawe na mito inayopanda mlima, akilitafuta lango ambalo nyuma yake kimefungiwa kila kitu walichonyang'anywa watu wake. Mlangoni amelala joka ambalo tangu dunia iumbwe halijasema neno.

Siku hiyo, chini ya meza, Msomi alifika ukurasa wa mwisho wa juzuu ya tatu. Binti wa mhunzi alikuwa amesimama mbele ya joka, akaomba apite. Sentensi ya mwisho ilisema: *Joka likafungua kinywa, likasema:*

Baada ya zile nukta mbili hapakuwa na kitu ila jina la mpiga chapa.

"Ndiyo nini sasa?" Msomi aliuliza kwa sauti.

"Hesabu imekushinda?" mama akamuuliza kutoka juu. "Pumzika kidogo, mwanangu."

Kesho yake asubuhi joka lilikuwa uani, mdomo wazi. Lilikuwa na ukubwa wa tangi la maji la ghorofa, mgongo wake una rangi ya sufuria iliyosuguliwa sana, na lilikuwa limejibana kati ya karo na ukuta kwa adabu, bila kukanyaga hata kibanio kimoja. Mama alitoka na beseni, akalitazama juu hadi chini.

"Hili limetoka wapi?"

"Kitabuni, mama."

"Kitabu cha somo gani?"

Msomi aliangalia vidole vya miguu yake. Hapo ndipo mama alipoelewa. Joka halikumshughulisha. Kilichomuuma ni zile sahani.

"Yaani siku zote hizi nakuuliza unasoma, unaniitikia nasoma!"

"Si nilikuwa nasoma, mama?"

"Mambo ya majoka!"

"Lakini nasoma."

Mama alifungua mdomo ajibu, akaona uani tayari kuna mdomo wazi mmoja, akaufunga. Kisha akahisi aproni yake, iliyokuwa chepechepe, imekauka upande mmoja. Akalamba ncha ya kidole, akaisogeza mbele ya pumzi ya joka kama afanyavyo kwa pasi.

"Moto wa nailoni," akasema. "Leta kamba."

Hadi mchana nguo zote zilikuwa zimekauka, hata mapazia. Majirani walikuja kuona. Fundi cherehani alitaka kujua kama joto lile halitaharibu lesi, na karani wa posta alizichukua soksi zake akashukuru. Hakuna aliyeachwa mdomo wazi ila joka lenyewe. Wiki hiyo, wakati madobi wengine wanatazama mawingu kwa uchungu, mama alipokea nguo hadi akakosa pa kukaa.

Msomi ndiye aliyeona kwamba joka lina shida. Mdomo haukufungika. Nzi waliingia wakatoka wapendavyo, na matone ya mvua yalipoangukia ulimi yalilia chii, joka likafumba macho. Kila jioni lilisogeza kichwa dirishani na kumtazama. Kitabu kilisema limesema, lakini hakikusema limesema nini, na bila hilo halikuweza kusema wala kunyamaza. Msomi alilihurumia sana. Alijihurumia pia, maana hata yeye neno lile lilikuwa limemkaa kooni. Hajawahi kutamani kitu namna hiyo, hata viatu.

Alikwenda kwa mjomba.

"Juzuu ya nne sina, mpwa wangu," mjomba alimwambia, akikung'uta maji kwenye turubai lake. "Katika mji mzima ipo moja tu. Na ipo shuleni kwenu."

Msomi alijua ilipo. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake vitabu vya msaada vilisimama, majalada yakiwatazama wageni, kila kimoja ndani ya plastiki yake kama kilivyoletwa. Wageni walipigwa picha mbele yake. Ufunguo ulining'inia kiunoni kwa mwalimu mkuu, na kila Ijumaa wanafunzi walifuta kioo kwa gazeti na maji. Msomi amekifuta mara nyingi. Kwa macho, jalada la juzuu ya nne alilijua kama mlango wa kwao.

Alipokwenda kukiomba kitabu hicho, mwalimu mkuu hakumfokea. Alikuwa mtu mpole, mwenye suruali zilizonyooka. Mama ndiye aliyezinyoosha.

"Kipo kwenye mtihani?" aliuliza.

"Hakipo, mwalimu."

"Sasa cha nini? Wewe soma, binti yangu. Vitabu hivi tukivisoma vitachakaa."

"Kuna joka linasubiri, mwalimu."

"Likizo inakaribia. Lisubiri," akasema. Halafu, kwa kuwa hakupenda kudanganya watoto, akaongeza: "Ingawa likizo hatufungui."

Nyumbani Msomi alimweleza mama yote. Mama aliendelea kukunja mashuka.

"Likipata neno lake si litafunga mdomo?"

"Litafunga."

"Na mvua hii. Na mapazia ya hoteli."

Kupitia dirishani walimwona mgeni wao akijaribu kumeza mate, akashindwa, akajaribu tena. Mama aliweka shuka chini.

"Ijumaa nenda nalo," akasema. "Mtu hawezi kukaa hivyo. Lakini nalo lijue nina mapazia."

Ijumaa mama alilifunga joka tai ya shule, kwa kuwa mlinzi wa getini hapitishi asiye na sare. Mlinzi aliitazama ile tai, akarekebisha fundo lake, akafungua mabawa yote mawili ya geti. Msomi aliingia ofisini na ndoo na gazeti lake. Joka lilipita nyuma ya madarasa, likaingiza kichwa dirishani kwa utaratibu.

"Lisipeperushe karatasi," mwalimu mkuu alisema bila kuinua kichwa, akaweka kikombe juu ya barua zake.

Chumba kilianza kupata joto. Mwalimu mkuu alilegeza tai. Ndani ya kabati plastiki ya juzuu ya nne ilijikunja, ikatatarika, ikapasuka katikati. Jalada likapinda polepole, likainuka, likalala upande, na ukurasa wa kwanza ukabaki wazi nyuma ya kioo. Kioo chenyewe kilikuwa kimejaa ukungu. Msomi alifuta. Hakujali nani anaona.

Akasoma kwa sauti mstari wa kwanza:

"*Hata mimi sijawahi kuingia ndani.*"

Joka lilifunga mdomo. Lilimeza mate. Kisha likaufungua tena na kulisema lenyewe, kwa sauti nzito yenye vumbi, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya:

"Hata mimi sijawahi kuingia ndani."

Kalamu ya mwalimu mkuu ilisimama. Mkono wake ulikwenda kiunoni, ukaushika ufunguo, ukakaa hapo. Alilitazama kabati alilolilinda miaka yote hiyo, na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Msomi alisubiri. Joka nalo lilisubiri, na lilikuwa na uzoefu.

"Pale chini pembeni," mwalimu mkuu akasema mwishowe, "kuna alama ya kidole. Futa."

Msomi alifuta. Alisoma ukurasa ule mpaka chini, mara mbili, na kengele ikalia.

Jioni joka lilirudi uani na kuuliza mapazia yako wapi. Tangu siku hiyo mama aliacha kusema "hili". Alisema huwezi kumwita hili mtu anayekuamkia asubuhi. Joka sasa hufungua mdomo kwa hiari yake, kuanzia chai mpaka adhuhuri, na kwa makubaliano asimwagiwe maji ya wanga. Kasoro yake ni moja tu, anaongea mno. Ana maneno ya tangu dunia iumbwe, na mama ndiye aliye karibu. Sahani, Msomi anaosha.

Kila Ijumaa joka huvaa tai, huingiza kichwa dirishani na kupuliza. Ukurasa mmoja hupinda, huinuka, hugeuka. Kuharakisha hawezi, maana kurasa zingeungua. Mwanzoni Msomi alifuta kioo peke yake, kisha darasa lake likamfuata, na sasa foleni ya wafutaji huanzia mlangoni na kuzunguka ukumbi, kila mmoja na kipande chake cha gazeti. Aliye mbele husoma kwa sauti, walio nyuma huwapasia wenzao maneno. Mwalimu mkuu aliwasifu mstarini kwa kupenda usafi. Kwa kuwa joto lilikuwa limelegeza kufuli la zamani, alinunua jipya, kubwa zaidi.

Kitabu ni kinene. Msomi ameshajua kwamba atamaliza shule binti wa mhunzi akiwa bado anabishana na joka pale pale langoni. Alilia kidogo siku alipolijua hilo, halafu akaenda darasa la chekechea na kipande cha chaki. Wakati wa mapumziko, chini ya upenu unaovuja, yeye na wenzake wanawafundisha wadogo herufi, haraka haraka, kwa sababu hao ndio watakaokuwepo lango likifunguliwa. Mmoja tayari anajua kuandika *joka*. Amewaahidi Msomi na wenzake kwamba atawatafuta popote walipo awaambie kilichokuwa ndani.

Juzi alikuja mgeni wa heshima, akaiona foleni, akauliza watoto wote hawa wanafanya nini mbele ya kabati.

"Wanafuta kioo," mwalimu mkuu alisema, akampisha asimame katikati ili apigwe picha.