Ekseli ya Nyuma ya Lori la Makame

Lori la Makame lilifia kwenye mlima karibu na Nyololo, mwaka wa hamsini na nne. Likavutwa hadi uani kwake Mbeya, na huko likafunguliwa likabaki mifupa. Aliyelifungua ni Asukile, kijana yatima wa Kinyakyusa, hodari wa spana na mvivu wa maneno. Injini ilinunuliwa, taa zikanunuliwa, hata viti. Ujira wa Asukile, walivyoafikiana, ulikuwa kuchagua kitu kimoja katika mabaki. Akachagua ekseli ya nyuma na magurudumu yake.

Siku zikapita, ekseli iko palepale. Makame akamwuliza mbona haichukui.

"Bado, mzee," Asukile akajibu. "Ni mambo ya mahali."

Makame, ambaye wazee wake walitoka pwani, akaelewa kwamba kijana hana mahali pa kuishi, sembuse pa kuweka ekseli. Akamhurumia. Hapo ndipo ananiudhi jirani yangu huyu mpaka leo, maana angeongeza swali moja tu! Kinywani mwa Asukile r hugeuka l. Alikuwa anasema mahari. Mika, mkulima wa mlimani, alikuwa amekubali kupokea mkokoteni wa maksai badala ya ng'ombe waliopungua, amwoze Asukile binti yake Lusia. Ekseli ile ndiyo ingekuwa mkokoteni, mbao zikishapatikana. Mwisho wa kungoja ulikuwa Jumapili. Baada ya hapo Lusia angepewa mwingine.

Jumamosi akaja mtu wa Rujewa mwenye nyumba hapa mjini, anatafuta ekseli. Makame akabadilishana naye: ekseli iende Rujewa, Asukile apewe chumba. Makame akamwita kijana, furaha imemjaa hata kukaa hawezi.

"Mahali umepata," akamwambia, akampa ufunguo.

Asukile hakugomba. Alikaa chini kwenye udongo uliolowa oili, akalia. Ilibidi neno lile lifafanuliwe herufi kwa herufi, na Makame alipolielewa akashika kichwa.

Kesho yake alivaa kanzu yake nzuri, wakapanda mlima pamoja, mzee akihema. Lusia aliwapokea kwa maji ya kunywa. Makame akamweleza Mika yote bila kujitetea. Mika akasema kwamba ekseli ni chuma tu, chuma kingine kitapatikana. Lakini mahari huletwa na baba, na kijana huyu hana. Ni nani anayesimama kwa ajili yake?

"Mimi," Makame akasema. "Mimi ndiye baba yake."

Papo hapo Lusia akajifunika uso kwa kitenge, akageuka, akakimbilia nyuma ya nyumba, kata ya maji ikabaki chini.

Makame hakujaliwa mtoto, na neno lile lilikuwa limemtoka moyoni. Akaona amekataliwa, na tena ameliharibu jambo la kijana mara ya pili. Akainuka, akaomba radhi, akasema binti ana haki.

Mika akamshika mkono.

"Kaa, mwenzangu. Kwetu mke wa mwana hamwoni baba mkwe. Angekukataa, angebaki hapa anakutazama."

Makame akakaa. Kisha akageuza kiti chake, akaelekeza uso ukutani, ili binti apate kupita.