Usinga wa Mahona

Miaka kumi na sita nimesimama nyuma ya Mahona nikimnong'oneza maneno. Nyimbo zote za kikundi chetu cha ngoma hapa Kigwa nilizitunga mimi, Zamda binti Yahaya, nikiwa jikoni, nikiwa shambani, hata nikiwa nimelazwa hospitali ya Kitete na homa. Yeye kazi yake ilikuwa kushika usinga wa mkia wa ng'ombe, kuupunga, na kugeuka kila akimaliza ubeti ili nimpe mwingine. Watu wakamwita manju, kiongozi wa ngoma. Mimi wakaniita Zamda.

Nikachoka. Umanju sikuutaka tena kwa ajili yangu, au nilijidanganya hivyo. Nilimtakia Nyamizi, binti aliyetoka Nzega kijiji chetu cha ujamaa kilipoanzishwa. Miaka mitatu nilimfundisha kutunga, kupanga sauti, kuwatuliza wapiga ngoma wakianza kukimbiza mdundo. Basi nikamwendea Mahona, maana magoti yake yalishachoka, nikamwomba usinga ampe Nyamizi. Akanicheka kwa upole. Hana ubaya yule mzee. Akasema atampa Omari, mpiga ngoma wake. Nikamwambia basi nipe mimi, nami nimpe Nyamizi. Akanikumbusha desturi: usinga hutoka mkononi mwa aliyekwisha kuimbisha nao mbele za watu, na mimi sikuwahi hata siku moja. Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Saba Saba ikafika, wageni wa mkoa wakakaa kwenye viti. Mahona alikuwa aimbishe mara ya mwisho, kisha amkabidhi Omari palepale. Wimbo ulikuwa mpya, wangu, nilioutunga Nyamizi akinisikiliza, na Mahona hakujifunza hata ubeti mmoja. Ajifunze kwa nini, na mimi nipo? Akaimba wa kwanza niliomnong'oneza, akageuka kuchukua wa pili.

Nikafunga mdomo.

Ngoma zikalia bila wimbo. Jasho likamtoka, wageni wakaanza kuulizana. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo; ni mzee, na aibu ile ilikuwa yetu sote. Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyomhurumia. Nikanyoosha mkono. Akautazama, akautazama usinga, akanipa.

Jamani, niliutaka! Nilipoushika ndipo nilipojua kwamba niliutaka miaka yote ile. Nikatoka mbele, nikaimba ubeti wa pili kwa sauti iliyokauka, na watu wakaniitikia. Ningeimba mpaka jua lizame. Lakini wimbo ukiisha Mahona angeudai usinga wake, na Omari alikuwa ameshasimama anangoja. Ubeti ulipokwisha nikautia mkononi mwa Nyamizi.

Omari akataka kusema. Mahona akamshika bega.

"Mwache," akamwambia. "Umetoka kwa aliyeimbisha."

Nikarudi nyuma, mahali pangu pa siku zote, nikasogea karibu na Nyamizi nikiwa na ubeti wa tatu mdomoni. Nikamngoja ageuke. Akaimba wa tatu, akaimba wa nne, akaimba wa tano. Hakugeuka hata mara moja.

Nikakaa chini mchangani, nikanyoosha miguu, nikalia.