Impela Tatu

Jumanne ile fundi aliondoka nyumbani na nusu kikombe cha chai tumboni, akasema nusu nyingine atarudi kuimalizia. Hakurudi. Saa nne asubuhi yeye na wenzake wawili walikuwa wanashusha injini ya boti kutoka kwenye mkokoteni, injini ambayo alikwisha kuibeba mara nyingi bila kulalamika. Akasema, "Ngojeni kidogo nivute pumzi." Akakaa kwenye kizingiti cha karakana yake, na pumzi ile hakuivuta.

Mkewe ni fundi cherehani. Walipokuja kumwambia alikuwa anapinda suruali ya mteja, pini mbili zikiwa mdomoni. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Mtu mmoja ilibidi amshike kidevu amtoe zile pini, maana alikuwa amezisahau na alitaka kulia. Tangu siku hiyo hajui kutulia. Akikaa anakumbuka jambo chumbani. Akifika chumbani amelisahau, anarudi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, mtaa wa mafundi vyuma, hatua mia tatu kutoka gati la mtoni. Ndani mlikuwa na meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, pipa la maji la kujaribia injini, rafu mbili, na vumbi la miaka kumi na minne. Wiki mbili baada ya mazishi, ndugu wa mume walikuja kumsaidia. Aliyewaongoza ni mdogo wa marehemu, waliyemwita Waziri kwa sababu hakuna kikao alichowahi kuhudhuria asihutubie, hata kama kilikuwa cha kugawana mihogo.

"Shemeji, leo wewe kaa," alisema Waziri. "Sisi ndio wafanyakazi."

Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikunja mikono ya gauni akaingia na ufagio. "Kaka yetu alikuwa na mikono ya dhahabu," alisema, "lakini macho aliazima. Hivi haya hakuyaona?"

Wakafagia, wakapiga rafu rangi ya bluu. Juu ya rafu moja walikuta maboksi mazuri ya kiwandani, yenye nembo na namba, yote matupu. Chini yake palikuwa na makopo mawili, moja la maziwa ya unga na moja la biskuti, yamejaa spea zilizolala ovyo bila boksi.

"Ona watoto walivyotupwa nje ya nyumba zao!" alisema wifi. Akamwaga makopo yote mawili sakafuni, wakachagua kwa saizi, kila kitu wakakirudisha kwenye boksi lililokitosha. Maboksi yalipokwisha, vilivyobaki wakavitia kwenye mfuko wa nailoni. Kopo la maziwa wifi akalisugua, akaondoka nalo kwenda kuwekea sukari.

Mjane aliwashukuru, na alishukuru kwa moyo. Spea yeye alizijua kama mtu anavyowajua ndugu wa mbali: jina analo, sura hana hakika.

Mwezi ulipokwisha alihamishia cherehani yake karakanani akafungua mlango wa bati. Kufunga injini asingeweza, ila kuuza spea angeweza. Wenye boti wengi walijua kujifungia wenyewe. Wiki ya kwanza aliuza vitu vidogo vidogo, na impela tatu. Impela ni kipira chenye mabawa sita, kinachokaa ndani ya mguu wa injini na kusukuma maji juu ili injini isiungue. Zote tatu zilitoka kwenye boksi lenye nembo, na zote aliziuza kwa jina la orijino.

Alhamisi iliyofuata, kabla ya saa tatu, aliingia Nanga. Huyu alikuwa mvushaji abiria na rafiki wa marehemu, na jina alilipata kwa mwendo wake: Nanga akitumwa kiberiti, mpishi hula mbichi.

"Karibu Nanga. Injini inasemaje?"

"Injini haisemi, mama. Injini haikojoi."

Hata yeye alijua maana yake. Injini iliyo salama hutoa nyuma kamkondo kembamba ka maji, ndiko wenye boti wanakoita mkojo. Mkojo ukikatika, maji hayapandi. Dakika chache tu na injini imekwisha.

Nanga aliweka kitambaa juu ya meza, akakifungua. Kipira kilikuwa kimebaki na mabawa mawili, na bushi, kile kipete cha shaba katikati yake, ilicheza kama jino la mtoto wa miaka saba.

"Siku nne," alisema. "Marehemu alikuwa akinipa moja, nasahau mwaka mzima. Jana niko katikati ya maji, abiria kumi na mmoja, kengele ya joto inalia. Nikazima. Tumepiga kasia saa mbili. Bibi mmoja akaniuliza kama nauli inapungua kwa mwenye kasia."

Mjane alicheka kabla hajajizuia, kisha akafunika mdomo.

"Cheka tu. Jana mimi sikuweza." Nanga aliangalia rafu za bluu. "Ila gatini wanasema maneno, mama. Wanasema kumbe siku zote rafiki yangu alikuwa anazivalisha kopi nguo za orijino. Nimewakatalia. Lakini nimekatalia kwa mdomo, maana mkononi nilikuwa na hiki."

Alipotoka, mjane alishusha maboksi yote, akafungua moja baada ya jingine. Macho hayakumsaidia, vipira vyote vilikuwa vyeusi, vyote mabawa sita. Akafumba macho akaviminya, kama anavyominya kitambaa sokoni. Hapo vikaanza kuachana. Vingine viliminyika na kurudi haraka. Vingine vilirudi kwa uvivu, na bushi zao zilikaa juujuu, kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi mmoja. Vya aina zote mbili vilikuwa ndani ya maboksi ya nembo, vimechanganyika kama mchele na pumba.

Akakumbuka alivyokuwa akimwona mumewe na wateja. Boksi halikuwa na kazi kwake ila kusomea namba. Alikuwa anatoa kipira kimoja kutoka kopo hili na kingine kutoka kopo lile, anamwekea mteja viganjani, anasema, "Bana. Kipi kinakubishia?" Kisha anamwambia kipi ni orijino na kipi ni kopi, halafu anamuuliza boti yake inakwenda wapi. Anayezunguka hapa hapa karibu, anayeweza kubadilisha kila baada ya miezi mitatu, alimshauri achukue kopi aende zake. Anayevusha watu mbali alimkatalia kopi hata akilia. "Kopi siyo mwizi," alikuwa akisema. "Mwizi ni anayeibatiza jina la mwenzake."

Na sasa ndiye yeye, mkewe, aliyebatiza.

Alimpigia simu Waziri.

"Shemeji, lile kopo la maziwa lilikuwa na nini, na la biskuti lilikuwa na nini?"

"Yalikuwa na vumbi, shemeji! Usiniambie umepata panya tena."

"Nakuuliza spea."

"Aa, spea tulizipanga kwa saizi. Kila moja imeingia kama mguu kwenye soksi."

"Mlichanganya orijino na kopi."

Waziri alikohoa kama anayefungua kikao. "Basi sikiliza. Zilizobaki zitoe, zilizouzwa nyamaza. Ukitangaza, watasema kaka yangu alikuwa tapeli, na aliyekufa hajitetei."

"Na atakayezama?"

"Shemeji, mbona unafika mbali hivyo?"

"Boti ndizo zinazofika mbali," alisema, akakata.

Impela tatu. Ya kwanza ndiyo ile kwenye kitambaa. Ya tatu aliichukua mtu wa boti ya kubebea mchanga, mwenye koti la mvua la kijani, aliyeingia akiwa na haraka akaondoka hajasema hata jina. Ya pili aliichukua Kinyozi, dereva wa boti ya zahanati, aliyekuwa akinyoa watu kabla hajashika usukani. Na kila Alhamisi saa nne boti ya zahanati hupanda mto kwa siku mbili, kwenda mahali ambapo hakuna fundi wala mtandao wa simu. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi na tano.

Alifunga mlango, akasahau kufuli, akarudi akafunga kufuli. Akakimbia, nyuzi za cherehani zimemganda gaunini. Kukimbia alikimbia kweli, ila ndani ya kifua chake kulikuwa na mtu wa pili aliyekuwa akiomba boti iwe imekwisha kuondoka, ili asiwe na la kusema mbele za watu. Mtu huyo alimwonea haya, lakini hakumfukuza.

Boti ilikuwa bado. Injini inanguruma, muuguzi amekaa na sanduku la barafu la chanjo mapajani.

"Kinyozi! Zima!"

"Kuna nini, mama?"

"Ile impela niliyokuuzia. Naomba uitoe niione."

Kinyozi akaonyesha nyuma kwa fahari. "Kwani ina kosa gani? Hebu tazama inavyokojoa! Hata mwanangu wa mwisho hafiki pale."

Watu wa gatini wakacheka, na kwa kucheka wakasogea. Mpanga foleni ya boti akaja, wachukuzi wakaja, Nanga naye akaja na kikombe chake cha chai. Mjane aliwatazama, akaona njia nyepesi. Angeweza kusema amekosea saizi, na saizi haimchafui mtu. Lakini Kinyozi, aliyezijua saizi, angemcheka na kufungua kamba aondoke. Na yule wa koti la kijani, hata kama ana rafiki hapa, asingepelekewa habari yoyote.

"Maboksi yangu si ya kuaminika," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kubwa. "Spea kwenye maboksi yangu zimechanganyika. Nimeuza kopi kwa jina la orijino. Sijui yako ni ipi."

"Si nilisema?" mtu akadakia kutoka nyuma. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," akajibiwa, "na miaka yote ulikuwa unanunua pale pale."

"Ni mimi," alisema mjane. "Siyo yeye."

"Mke atasemaje sasa?" alisema yule wa nyuma, na wengine wakaitikia kwa pua.

Muuguzi ndiye aliyekata maneno. "Kinyozi, fungua. Barafu yangu inayeyuka mkibishana."

Kinyozi alizima, wakainua injini, akafungua bolti, akavuta mguu chini huku akinung'unika kwamba kichwa cha mtu hakinyolewi nusu. Akatoa kipira, akakipangusa, akampa. Mjane alifumba macho. Akakiminya bawa moja. Likarudi kwa nguvu. Akajaribu bushi kwa kucha, haikutikisika. Akarudia mabawa yote sita, kwa sababu hakutaka kuamini haraka.

"Hii ni orijino," alisema.

"Orijino!" Kinyozi alipiga paja. "Mama, umejivua nguo bure!"

Kicheko kilizunguka gati zima. Mmoja akasema karakana ile sasa ni bahati nasibu, nunua boksi ujaribu bahati yako. Kinyozi alifunga bolti zake, akawasha, mkojo ukatoka, boti ikaondoka imechelewa nusu saa. Muuguzi alimpungia mkono bila kutabasamu.

Nanga alikuwa amesimama na kikombe chake. Hakucheka.

"Mimi nilikuwa namtetea, mama," alisema. "Tangu jana namtetea. Sasa nitasema nini?"

"Sema ndugu zake walifagia."

"Walifagia?"

"Walikuja kunisaidia, wakafagia, wakarudisha vitu kwenye maboksi. Ndivyo ilivyokuwa."

Nanga alifikiri kwa kasi yake ya kawaida. "Nani ataamini hilo?"

"Hakuna."

"Mimi naamini," alisema mwishowe, "lakini ni kwa sababu namjua dada yao." Akamwaga chai iliyobaki, akaenda kwenye boti yake.

Mjane hakurudi karakanani. Alipita kwa wachukuzi mmoja mmoja akiuliza juu ya mtu wa koti la mvua la kijani. Mmoja alisema amewahi kumwona upande wa juu, penye machimbo. Mwingine alisema makoti yale yaligawiwa na kampuni moja ya mbolea, wanayo watu hamsini. Akauliza mpaka jua likawa la kichwa, mpaka mpanga foleni akamwambia, "Mama, kaa kidogo, utaanguka." Akakaa juu ya gunia, akasimama, akaenda kuuliza mtu mwingine.

Wiki saba zimepita. Pale gatini nusu ya watu husema fundi alikuwa mwaminifu na mkewe ndiye asiyejua kazi. Nusu nyingine husema lao lilikuwa moja. Wengi sasa hununua kwenye duka lililo karibu na kituo cha mafuta. Waziri alikuja kuomba radhi, akahutubia dakika arobaini. Mjane anashona mpaka saa nane, kisha anauza spea kwa wachache wanaokuja.

Asubuhi, kabla ya kufungua, hushuka upande wa gati panaposhushwa mchanga, anauliza kila dereva anayetia nanga amefunga impela gani na aliinunua wapi. Boti za mchanga zinazotumia mto huu ni ishirini na tatu. Amezifikia kumi na tisa.