Fito Arobaini na Moja

Asubuhi ile Torleiv alipoondoka, walikuwa wamegombana juu ya machungwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, katika kibanda chao cha mbao kando ya ziwa la Skjervatn. Mkewe, Ingunn, alikuwa ameusahau mfuko wa machungwa mezani, nyumbani kwao mjini Kongsberg, na kwa watu wa kwao Pasaka ya mlimani bila machungwa ni kama harusi isiyo na wali.

"Mwaka jana ulisahau viberiti," Torleiv alisema, akiinama kufunga kamba za viatu vya skii. "Mwaka kesho utanisahau mimi."

"Wewe husahauliki. Una kelele mno."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo hakucheka. Alichukua keekee ya kutobolea barafu, ambayo alikuwa ameiazima kwa watu wa kibanda cha Nordsete ng'ambo ya ziwa, ili akairudishe, akasimama kidogo mlangoni ambapo kitabu cha kibanda kilining'inia kwa kamba. Ingunn alisikia penseli ikikwaruza karatasi. Kila anayetoka kwenda mlimani huandika: anapita wapi kwenda, anapita wapi kurudi, atafika saa ngapi. Kisha mlango ukafungwa, na kupitia dirishani alimwona mumewe akishika njia ya mgongo wa mlima, njia yake ya siku zote.

Ingunn hakwenda kusoma. Alikuwa bado ana donge.

Donge lilipoyeyuka, ilikuwa saa nne na jua kali. Maji yalikuwa yameanza kutuama juu ya barafu karibu na ufuko. Kesho yake walikuwa wanarudi mjini, na kazi moja ya mwisho ilikuwa imebaki, kazi ya Torleiv: kung'oa fito. Mwanzoni mwa kila likizo walichomeka fito nyembamba juu ya barafu, kila hatua ishirini ufito mmoja, kutoka kibandani hadi ng'ambo, kila mmoja umefungwa uzi mwekundu wa sufu. Ukungu ukishuka, mtu hutoka ufito hadi ufito kama anayeshikwa mkono. Lakini majira ya kuchipua barafu huoza kutoka chini, na ufito uliosimama juu ya barafu mbovu ni shahidi wa uongo. Ndiyo maana anayeondoka huzing'oa, asije akampoteza mpita njia.

Aliwaza, nitaifanya mimi. Akirudi ataikuta tayari, na habari ya machungwa itakwisha hapo. Alizing'oa zote arobaini na moja, akazifunga mzigo, akazitia stoo na kupiga kufuli. Alikuwa akiimba kidogo.

Saa nane ukungu ulishuka, na theluji nyuma yake. Saa kumi Ingunn alikifungua kitabu.

*Kwenda: mgongo wa mlima. Kurudi: ziwani, kwa fito. Saa tisa. Niwekee kahawa. T.*

Waokoaji walipofika aliwaambia watafute ziwani. Aliwaambia saa, nguo na rangi ya kofia. Aliwaambia kila kitu isipokuwa jambo moja, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu alidhani fito zimefukiwa na theluji. Binti yao, Sunniva, alipofika alfajiri akitokea Bergen, ule ukurasa ulikuwa umekwisha kuchanwa.

Ziwa lilimrudisha Torleiv mwezi wa sita.

*

Miaka sita ilipita bila mtu kulala kibandani. Kisha mwaka uliofuata, katikati ya mwezi wa tatu, Sunniva alikuja jikoni kwa mama yake na karatasi na kalamu. Mwanawe Alva, wa miaka mitano, alikuwa anamfuata nyuma na buti zake za theluji.

"Mama, Pasaka hii tunapanda."

"Tunapanda nini? Maua?"

"Usinitanie. Tunapanda mlimani. Alva hajawahi kulala kibandani. Wenzake wa chekechea wanamuuliza sisi ni watu wa wapi."

"Mwambie awajibu, sisi ni watu wa sofa."

"Mama."

"Paa litakuwa linavuja."

"Gaute amelikagua." Gaute alikuwa mzee wa bondeni aliyewaangalizia kibanda na kusafisha barabara ya theluji.

"Kuna panya."

"Nimenunua mitego."

"Na magoti yangu je?"

"Jumapili ulishuka ngazi za kanisa mbio kumkwepa kasisi. Niliyaona magoti yako. Hayana neno."

Ingunn aligeukia sinki, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Sunniva akashusha sauti. "Kama huji, basi tukiuze. Jina langu limo kwenye hati na lako limo. Nimechoka kuwa na nyumba ya mizimu."

Kiuze, neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kikiuzwa, kitabu kitachomwa pamoja na takataka nyingine. Ukurasa aliouchana na kuuficha chini ya kopo la unga ungebaki karatasi tu, na yeye angebaki na binti na mjukuu mpaka mwisho wa siku zake. Kuwapoteza ndiko alikokuogopa kwa miaka sita. Jina baya lisingemtisha. Alichoogopa ni Sunniva kumtazama mara moja, kumshika Alva mkono, na kuondoka.

"Bibi, hii ameandika nani?" Alva alikuwa amefungua mlango wa kabati. Kwa ndani palikuwa na orodha ya Torleiv, iliyogandishwa kwa gundi tangu Sunniva akiwa mdogo.

"Babu yako," Sunniva alisema, akachuchumaa na kumsomea. "Mishumaa. Viberiti. Nta ya skii, ya buluu na ya zambarau. Kitabu cha upelelezi, kimoja kwa kila mtu, msigombanie. Machungwa kumi na mawili, Ingunn usisahau. Fito: hesabu ukichomeka, hesabu uking'oa."

Ingunn alisikia maji yakiendelea kumwagika.

"Nitakuja," alisema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa moja alisikia skii zikigongwa kwenye ngazi ya mbele. Ko, halafu ko. Ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, kama Torleiv alivyokuwa akikung'uta theluji kabla ya kuingia. Mjini theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Mara ya kwanza alifungua mlango. Hapakuwa na mtu, ila kwenye kidato cha juu palikuwa na maji kidogo, mistari miwili myembamba, sambamba. Mara ya pili hakufungua. Aliketi na kahawa yake akasubiri aliyeko nje achoke.

Jumatatu ya juma la Pasaka Gaute alipiga simu.

"Nyie watu mna haraka. Mmefika lini?"

"Hatujafika. Tunakuja Jumatano."

"Basi nani amechomeka fito zenu?"

"Fito gani?"

"Zenye nyuzi nyekundu. Nimeziona leo asubuhi kutoka barabarani, zimenyooka kuingia ziwani."

"Gaute, macho yako."

"Macho yangu nimetolewa mtoto wa jicho mwezi wa pili. Sasa naona hata mambo ya majirani nisiyoyataka. Fito zipo, Ingunn."

Ingunn alipokata simu alikwenda dukani akanunua machungwa kumi na mawili. Kisha akainua kopo la unga, akatoa ukurasa, akautia mfuko wa ndani wa koti.

*

Jumatano mchana walimkuta Gaute amesimama mwisho wa barabara iliyosafishwa, koleo begani. Anga lilikuwa wazi na baridi kali. Ziwa lilikuwa jeupe, tupu. Hapakuwa na ufito hata mmoja.

"Jumatatu zilikuwepo," Gaute alisema bila kuulizwa. Alimtazama Ingunn, kisha akatazama buti zake. "Barafu ni nzima mwaka huu. Nimeitoboa mwenyewe, unene wake ni kutoka kiganjani hadi begani. Pita mtakako."

Kufuli la stoo lilikuwa limeshika kutu. Gaute alilitia mafuta, akaligonga na mpini wa koleo, likaachia. Mzigo wa fito ulikuwa pale pale kwenye kona, na fundo lile lile la Ingunn, fundo baya ambalo Torleiv alizoea kulicheka. Ingunn alipiga magoti akahesabu. Arobaini na moja. Sehemu za juu zilikuwa kavu, zimejaa vumbi na utando wa buibui. Sehemu za chini za fito zaidi ya nusu, kila moja kwa urefu wa shubiri mbili, zilikuwa mbichi kwa maji, na kwenye nyufa za gome palikuwa na chembe za barafu.

"Zimeshika unyevu wa sakafuni," Sunniva alisema nyuma yake, akapeleka masanduku ndani.

Sakafu ilikuwa kavu. Ingunn aliipapasa kwa kiganja.

"Bibi," Alva aliita kutoka ufukoni. "Kuna matundu."

Yalikuwa pale: tundu moja jembamba kwenye theluji, kisha baada ya hatua ishirini lingine, yamenyooka kuelekea ng'ambo hadi macho yanapoishia. Kandokando yake theluji ilikuwa laini, haina alama ya mguu wala ya skii.

Ingunn alitwaa mzigo wa fito kifuani, akaingia ziwani. Alichomeka ufito wa kwanza katika tundu la kwanza, ukaingia kama mguu katika kiatu chake. Akaenda wa pili. Alisikia Sunniva akimkabidhi Alva kwa Gaute, kisha nyayo zake zikimfuata nyuma. Walikwenda hivyo hadi ufito wa ishirini na tatu. Hapo, katikati ya ziwa, matundu yaliisha.

Mbele yao palikuwa na theluji tupu hadi ng'ambo. Ingunn alisimama na fito zilizobaki mikononi.

"Ni mimi niliyezing'oa," alisema.

"Nini?"

"Fito. Siku ile. Nilijua amepita mgongoni, nikadhani atarudi mgongoni. Nilitaka akute kazi yake imefanywa. Sikusoma kitabu kwanza, Sunniva. Kilikuwa mlangoni, nilikipita mara tatu, sikukisoma kwa sababu nilikuwa nimenuna juu ya machungwa."

Ingunn alivua glavu, akatoa ukurasa, akaunyoosha mbele yake.

Sunniva alisoma. Alisoma tena. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye theluji.

"Nilijua kuna ukurasa umechanwa," alisema. "Niliona mabaki kwenye mshono, asubuhi ile ile niliyofika."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani alituaga."

Ingunn hakuelewa kwanza.

"Nilidhani baba alituandikia kwaheri, na wewe ukaficha ili tusijue. Mtu anayeijua milima kama yeye, atembee juu ya barafu iliyooza? Miaka sita, Mama. Kila nikimwogesha Alva nawaza, kwa nini sisi hatukumtosha. Nilikuwa nasubiri uwe tayari kunionyesha." Aligonga karatasi kwa kidole. "Na yeye alikuwa anataka kahawa."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Ingunn alitaka kumshika, akaona hana ruhusa. Alisimama tu na fito zake, baridi ikimpenya vidoleni. Miaka yote hiyo alijua amemwua mmoja kwa kutosoma. Hakujua kwamba kwa kuchana amemwumiza wa pili.

"Sijui nitakukasirikia muda gani," Sunniva alisema hatimaye, akijipangusa pua kwa glavu.

"Nikasirikie."

"Usinipe ruhusa. Sikuomba."

"Haya."

"Lete hizo." Sunniva alisimama, akachukua fito zilizosalia, akaanza kupima hatua kwenda ng'ambo. Ishirini, ufito. Ishirini, ufito. Pasipo na tundu alichimba kwa kisigino. Ingunn alimfuata akizikandika kwa theluji ziwe imara, na kila mmoja ulipochomekwa Sunniva alitaja namba yake kwa sauti, mpaka arobaini na moja.

Waliporudi, Gaute alikuwa amewasha jiko la kuni na Alva alikuwa amekula machungwa mawili. Sunniva aliubandika ukurasa mahali pake kitabuni kwa utepe wa gundi. Saa tisa Ingunn alimimina kahawa katika kikombe cha buluu kilichokuwa cha Torleiv, akakiweka mezani, upande wa mlango. Hazikupita dakika nyingi ngazi ya nje ikalia. Ko. Ko.

"Kuna mtu," Alva alisema.

Gaute alikuwa ameketi karibu na jiko, na buti zake amezivua. Hakuna aliyekwenda kufungua. Kahawa ilitoa mvuke, kisha ikapoa.

Siku hizi fito hung'olewa Jumatatu ya Pasaka, na ni Sunniva anayezing'oa. Kwanza hukisoma kitabu kwa sauti mlangoni, na kila aliyeandika jina lake huitika kutoka alipo. Mstari wa Torleiv nao husomwa. Baada ya hapo fito arobaini hurudi stoo, na mmoja, ule wa ufukoni, huachwa umesimama.