Sweta Lenye Farasi wa Kijani

Rais wetu hana mamlaka ya kufungua hata zahanati. Anatia sahihi, anapanda miti, anapokea mabalozi. Lakini siku ya Mwaka Mpya, saa saba mchana, Iceland nzima inaacha kutafuna nyama yake ya kondoo ya moshi ili imsikilize. Maneno anayosoma nayaandika mimi.

Mwaka huu Rais Hildigunnur alinirudishia rasimu huku akicheka.

"Eydís, hii ni uji wa mgonjwa. Waziri wa Afya ataisikiliza akichokonoa meno. Wodi za wazazi zinafungwa, na mimi nilichobakiwa nacho ni mdomo tu. Nipe kitu kitakachomnyima usingizi."

Nikampa mtoto wa dada yangu.

Wodi ya kijijini kwetu ilipofungwa, dada yangu Steinvör alijifungulia ndani ya gari, mlimani, kwenye theluji, akiendesha mwenyewe kwenda hospitali ya mbali. Mumewe, Ormur, alikuwa baharini akivua. Watu wote waliambiwa mtoto alizaliwa amekufa. Mimi peke yangu niliambiwa kwamba alilia, akafungwa ndani ya sweta, kisha akanyamaza.

"Ormur asijue," dada alinisihi. "Akijua mwanawe alilia naye hayupo, atavunjika."

Niliondoa jina, kijiji, hata mwaka. Sweta lenye farasi wa kijani nikaliacha, kwa sababu lilipendeza kwenye sentensi. Nilijisahaulisha kwamba kwetu sweta ni sawa na uso. Farasi wa kijani aliwafuma mama yetu tu. Ukiliona kwenye kamba ya nguo, unajua ni la nyumba gani.

Hildigunnur alisoma taratibu. "Alilia mara moja," akasema, akanyamaza. Kile kimya nacho nilikiandika mimi. Kilifanya kazi vizuri mno, nikaona haya kukaa mbele ya televisheni.

Kesho yake kila gazeti lilimuuliza waziri kuhusu mtoto yule. Steinvör hakupokea simu zangu. Kabla Januari haijaisha, bunge likaamua wodi yetu ifunguliwe. Siku hiyo akapiga.

"Aliposikia lile sweta, Ormur aliinuka mezani uma ukiwa mkononi. Tangu siku ile analala kwenye boti. Ananiuliza jambo moja tu: alilia kwa muda gani? Nimjibu nini, bibi mwandishi?"

"Dada..."

"Dada yako nani? Umeuza kilio cha mwanangu upate makofi."

"Wodi inafunguliwa, Steinvör."

"Wangu hatazaliwa tena humo. Niombe msamaha. Neno moja tu, wewe mwenye maneno mengi."

Neno lilikuwa mdomoni, chungu. Lakini jirani yake ana mimba ya miezi minane, na theluji imeufunga mlima tena. Ningerudishiwa ile rasimu leo, ningeandika vilevile, kilio na sweta pamoja. Nimekwisha kumwibia, sitamwongezea uongo.

"Siombi," nikasema.